Pongezi kwa Mwalimu wa Darasa la Awali

Darasa la awali ndilo gumu kuliko yote. Anayebisha akajaribu asubuhi moja tu. Katika wilaya za Kibondo na Kasulu nchini Tanzania, watoto wengi huingia shuleni na Kiha cha nyumbani, Kiswahili wakiwa nacho cha kuokoteza. Mwalimu mjuzi haanzi na ubao. Anaanza na “Hadithi, hadithi!” na darasa zima linaitikia “Hadithi njoo!” Sungura anamlaghai fisi, watoto wanacheka, maneno mapya yanaingia bila fimbo.

Kisha mikono. Vizibo vya soda vinahesabiwa, majani makavu ya mgomba yanafungwa kuwa mpira, udongo unafinyangwa kuwa ng’ombe. Mwangalie mtoto anayebandika pembe, ulimi nje. Pembe ikidondoka, analowesha kidole, anabandika tena. Vidole hivyo ndivyo vitakavyoshika penseli kesho, ingawa wapo wazazi wanaolalamika kwamba mtoto anarudi na matope badala ya herufi.

Sherehe nazo ni somo. Siku ya Mtoto wa Afrika, 16 Juni, inawakumbuka wanafunzi waliouawa Soweto mwaka 1976. Siku hiyo mtoto akicheza ngoma ya Waha mbele ya bibi yake, anajua shule haikuja kumnyang’anya kwao.

Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ilifanya elimu ya awali kuwa ya lazima. Walimu hawa wanaitekeleza kwa udongo na vizibo. Hongereni sana. Nanyi wazazi, wapelekeeni walimu majani ya mgomba. Na bibi mwenye hadithi aende akasimulie.