Mkono wa Mnakili

Mwezi wa Agosti mwaka 1888, katika mji wa Arles, kusini mwa Ufaransa, Vincent van Gogh alishika kuchora alizeti zilizotiwa chunguni, picha baada ya picha, kwa kuwa alikuwa akimngoja sahibu yake Paul Gauguin aje wakae pamoja, naye alitaka chumba cha mgeni huyo kipambwe. Hakuzikusudia makumbusho wala mnada, ila ukuta wa chumba cha kulala. Kwa hiyo anayetafuta leo nakala ya alizeti hizo aitundike ukumbini mwake hana sababu ya kuona haya mbele ya wajuzi wa sanaa. Tena mchoraji mwenyewe ndiye aliyetangulia kunakili: ile picha iliyoko sasa National Gallery, London, aliirudia Januari 1889, na marudio hayo yamehifadhiwa Amsterdam kwa taadhima ile ile.

Lakini nakala niisifuyo ni ile iliyotoka mkononi mwa mtu, na ufundi wake, hususan kwa rangi za akriliki, ni mzito kuliko wengi wanavyodhani. Rangi ya mafuta aliyoitumia Van Gogh hukaa mbichi siku kadhaa, ikamruhusu mchoraji kutia rangi juu ya rangi zikaingiana. Akriliki huchanganywa kwa maji, na maji yakishakwenda imekwisha kushika, wala hairudi nyuma. Basi mnakili hulimaliza ua moja kipande kwa kipande, huku akinyunyizia maji kibao chake cha rangi, na kuongeza dawa ya kuchelewesha kukauka na nyingine ya kuipa rangi unene, ili petali iinuke juu ya turubai kama ilivyoinuka ya asili. Isitoshe, akriliki huiva kidogo ikaukapo, hata anayechanganya manjano hana budi kuikadiria ile itakayokuwapo baadaye, si ile aionayo. Na katika picha ya manjano juu ya manjano, kosa dogo hudhihirika mara.

Liko suala jingine gumu zaidi. Baadhi ya manjano ya Van Gogh, yaliyotengenezwa kwa kromu, yamegeuka kuwa kama hudhurungi kwa kupigwa na mwanga miaka mingi. Je, mnakili aifuate picha ilivyo leo, au ilivyong'ara siku ile Arles? Mimi namwafiki afuataye ilivyo leo, maana hiyo ndiyo iliyo mbele ya macho yake.

Katika Dafen, kitongoji cha Shenzhen nchini Uchina, ambako kazi hii ilianza mwaka 1989, wapo mafundi waliozichora alizeti hizi hata mkono ukazihifadhi kwa ghaibu. Wasemao kwamba kurudia huua sanaa hawajamtazama fundi kama huyo.

Mnunuzi naye ajihadhari na picha ya mashine iliyopakwa utomvu mwangavu ili vidole vidhani ni brashi. Aiweke ubavuni mwa dirisha: alama za brashi zikipita juu ya petali na chungu bila kufuata umbo, hiyo haikuchorwa. Na akiipata iliyo ya kweli, kwa kuwa juu ya chungu pameandikwa Vincent peke yake, amwombe fundi aandike jina lake nyuma ya turubai, kisha amlipe ujira wa mtu mwenye jina.