Gaeni

Mfinyanzi hulia gaeni, walisema wahenga, na wengi wetu huishia kumsikitikia. Tangu nilipokaa siku kadhaa mezani kwa fundi wa kuchambua vigae, huko Pemba, mimi namwonea fahari, maana gae lake ndilo lililobaki. Boriti zililiwa na mchwa, mikeka ikaoza, nguo zikaisha. Udongo ukishachomwa hauozi, unavunjika tu.

Kazi huanza na maji. Vigae hutoka shimoni ndani ya mifuko, kila tabaka la udongo na mfuko wake, na ole wake atakayechanganya mifuko miwili: kigae kisichojulikana kimetoka kina gani kimepoteza nusu ya ushahidi wake. Husuguliwa kwa mswaki, polepole, masizi ya jikoni yasije yakaondoka. Huanikwa kivulini. Kisha kila kimoja huandikwa namba kwa wino, kwa tarakimu ndogo ndogo, upande usio na nakshi.

Nilipookota kipande chenye mistari mizuri, fundi alinizuia. "Usikimbilie nakshi, mwanangu. Tazama kwanza palipovunjika."

Palipovunjika pana mengi. Nje kwekundu, katikati kweusi: chungu kilichomwa kwa moto wa wazi, wa muda mfupi, hewa isifike ndani. Chembe za mchanga zimo, zilitiwa ili chungu kisipasuke motoni. Upande wa ndani kidole kinahisi mawimbi madogo, kwa kuwa vyungu hivi havikuzungushwa kwenye gurudumu, vilijengwa kwa mkono. Kipande cha mdomo fundi alikigeuza, akakisimamisha mezani, akakiinamisha huku na huku mpaka mwanga usipite tena chini yake. Ndipo akakihamishia kwenye karatasi yenye duara ndani ya duara, akatafuta duara linalolingana na mkunjo wake. Kipande cha upana wa vidole viwili kikatoa kipimo cha mdomo wa chungu kizima.

Sasa nakshi. Ni pembetatu zilizochanjwa shingoni udongo ukiwa bado mbichi. Vyungu vya namna hii, ambavyo Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam amevitafiti kwa miaka mingi, ni vya takriban karne ya 6 hadi ya 10, na vimeonekana kuanzia pwani ya Kenya hadi Msumbiji, hata bara. Zamani watafiti wengi walivutiwa na kauri za China na vyombo vya Ghuba, wakaiona miji yetu kuwa kazi ya waliokuja na jahazi. Vyungu vya kupikia, ambavyo ni vingi kupita hivyo vyote, vilisema vingine. Huko Shanga, kisiwani Pate, uchimbaji wa miaka ya 1980 ulivikuta tangu tabaka za chini kabisa. Kitabu cha kale cha Tarehe ya Kilwa kinataja masultani; wapishi tunao huku, kwenye masizi.

Siku ya mwisho fundi alinipa kigae kibovu kwa sura, hakina nakshi wala mdomo. Juu yake pana mifereji mitatu iliyolala sambamba. Chungu kilivunjika, mtu akaokota kipande chake, akakitumia kusugulia shanga za kombe la bahari mpaka ziwe duara. Vigae vya kusugulia shanga vimepatikana kwa maelfu Tumbe, kaskazini ya Pemba, mahali palipokaliwa kati ya karne ya 7 na ya 10. Nilipitisha ukucha ndani ya mfereji mmoja. Ulikuwa laini kabisa, na upande mmoja ulikuwa umelika zaidi, pale mkono wa msuguaji ulipoegemea.

Fundi alipima kina cha kila mfereji, akaandika, akakirudisha mfukoni. Mfukoni mle vilibaki vingine kama arobaini.