Jangwa Likiota Majani: Dune ya Televisheni, Ikitazamwa Garissa

Kwetu Garissa, mtu akitengeneza filamu au tamthilia ya Dune, swali langu la kwanza halihusu ukubwa wa minyoo ya mchangani. Ni maji. Yanatoka wapi, nani anayapima, na siku yakija kwa wingi yatamfanya nini aliyeyangoja? Riwaya ya Frank Herbert, iliyotoka 1965, ni kitabu cha maji kuliko cha vita. Kwa hiyo wacha niseme wazi: toleo lililokielewa vizuri zaidi si filamu za Denis Villeneuve, pamoja na fedha zake zote. Ni tamthilia ya televisheni ya 2003 ambayo wengi wameshaisahau, Children of Dune.

Hebu tuanze na sinema. Filamu ya David Lynch ya 1984 ina muda wa saa mbili na dakika chache. Mwishoni Paul anashinda, na papo hapo mvua inanyesha. Ati mvua! Kwa mtazamaji aliyepitia ukame wa 2020 hadi mwanzo wa 2023, misimu mitano mfululizo bila mvua ya maana, huo ni utani mbaya. Kitabuni mvua hiyo haipo. Kuna mpango: Wafremen wanakinga umande, wanaficha maji mapangoni, wanapanda nyasi za kushika mchanga, na mtaalamu wao amewaambia kwamba kazi itachukua miaka 300 hadi 500. Wanaoianza hawataona mwisho wake. Tena mvua yenyewe si baraka tupu. Novemba 2023, mara tu baada ya ukame ule, mafuriko ya El Niño yalikata barabara kati ya Madogo na Garissa, watu wakavushwa kwa boti.

Villeneuve ana adabu zaidi. Katika filamu ya 2021, Stilgar anatema mate mezani mbele ya Duke. Walinzi wanawaka, lakini Duncan Idaho anamshukuru kwa zawadi ya unyevu wa mwili wake. Sekunde chache tu, na uchumi wote wa jangwa umo mle. Shida ni kwamba filamu ya pili, ya 2024, inaishia pale vita vitakatifu vinapoanza. Ukijani unabaki ndoto. Sinema haina muda wa kungoja mti ukue.

Televisheni inao. Mwaka 2000 kituo cha Sci Fi Channel kilitoa Dune katika sehemu tatu, mwongozaji akiwa John Harrison. Jangwa lake lilitengenezwa studio mjini Prague, na kusema kweli linaonekana hivyo. Mtu aliyekula vumbi la njia ya Dadaab hadanganyiki. Lakini saa zile zilitosha watu kuongea, kula, kuzika wafu wao.

Kisha ikaja ya 2003, iliyoandikwa na Harrison huyo huyo na kuongozwa na Greg Yaitanes. Inaunganisha riwaya mbili, Dune Messiah na Children of Dune. Humo ahadi inatimia: majani yanaota. Na hapo ndipo balaa linapoanza. Maji ni sumu kwa minyoo. Minyoo ikifa, kile kiungo kinachoendesha himaya nzima nacho kinakwisha. Jangwa lililowalea Wafremen linauawa na bustani waliyoiomba.

Kwetu jambo hili lina jina: mathenge. Mti huo uliletwa maeneo kame ya Kenya kwa nia njema kabisa, utoe kuni na kivuli, uzuie mchanga. Leo umeziba malisho na njia za kwenda mtoni, miiba yake inachoma kwato na matairi, na maganda yake matamu yanaozesha meno ya mbuzi. Kule Baringo wananchi walifika hadi mahakamani kuishtaki serikali kwa sababu yake. Kwani waliopanda walikuwa Harkonnen? La. Ndiyo ugumu wa kuisimulia hadithi ya namna hii: haina adui wa kuchomwa mkuki. Tamthilia ya 2003 ilithubutu kuisimulia.

Haikufanikiwa yote. Dune Messiah nzima imebanwa katika sehemu ya kwanza, na kamera inawapenda mno mapacha wa kifalme, Leto akichezwa na James McAvoy. Simwoni mama Mfremen wa kawaida, aliyefunzwa tangu utotoni kutomwaga tone, akijifunza uzeeni kwamba sasa anaweza kuyamwaga. Huyo ningempa saa nzima.

Dune: Prophecy ya HBO, iliyoanza Novemba 2024, ilikuwa na vipindi sita vya kufanya kazi hiyo. Emily Watson na Olivia Williams wanacheza vizuri sana. Lakini hadithi inarudi zaidi ya miaka 10,000 nyuma ya Paul na kujifungia kwenye majumba ya wakubwa. Mchanga unaonekana zaidi katika ndoto na maono.

Atakayejaribu tena asituletee mvua ya kufungia filamu. Atuonyeshe silanga likijaa, kisha mwaka wa pili, kisha wa kumi: nini kimeota pembeni, nani alikipanda, na mbuzi wa nani wanakila.