Heko, Wajuzi Wasiolipwa

Bonde la Malagarasi na Moyowosi ndilo ardhioevu ya kwanza ya Tanzania kuingia katika orodha ya Ramsar, mwaka 2000. Ni zaidi ya hekta milioni tatu, na mto wake humwagika Ziwa Tanganyika kule Ilagala, kusini mwa Ujiji. Nzohe, yule swala wa majini, akijibanza kwenye mafunjo, nani atamwona?

Serengeti wamekwishaonyesha njia. Kamera 225 zilifungwa kuanzia 2010, zikaleta picha nyingi kupita uwezo wa watafiti. Mwishoni mwa 2012 picha zikawekwa mtandaoni, wazi kwa yeyote kutambua wanyama. Unaletewa sikio na ncha ya pembe pembeni mwa picha, basi. Unachagua umbo la pembe, mkia, rangi ya ngozi, majina ya wanyama yanapungua hadi linabaki moja. Ni kama mchezo, na unanoga kweli. Picha moja hupitiwa na watu kadhaa, jibu la wengi likachukuliwa. Watu zaidi ya 28,000 walijitolea, na majibu yao yalilingana na ya wataalamu kwa karibu asilimia 97. Hongera zao!

Kigoma nako, vijiji vinavyopakana na Gombe vina walinzi wa misitu wanaopita na simu mkononi, wakirekodi viota vya sokwe, mitego na miti iliyokatwa. Hawa nawavulia kofia zaidi, maana wanapanda milima ile kwa miguu. Kamera zikifungwa siku moja kwenye matete ya Malagarasi, wao wawe wa kwanza kuulizwa zielekee wapi.