Kupima Mpangilio wa Rangi: Mwongozo kwa Njia ya Kanga

Mwanafunzi wa usanifu wa grafiki anayetaka kuzoeza jicho lake kupima mpangilio wa rangi hana mwalimu mkali kuliko kanga, kwa kuwa nguo hiyo huchapwa kwa rangi chache tu, na katika pindo, yaani ukingo unaoizunguka pande zote nne, katika mji, yaani uwanja wa katikati, na katika jina, yaani maneno yanayobeba ujumbe wake, mchoraji hana mahali pa kufichia kosa.

Kila rangi ina sifa tatu: aina, inayotenga nyekundu na kijani, ukolezi, yaani kiasi inavyokolea au kupauka, na mwanga, yaani kadiri inavyokaribia weupe au weusi. Wanunuzi wengi huvutwa na aina, na wauzaji husifu ukolezi, ilhali mjuzi huanza na mwanga. Nyekundu na kijani zilizokolea hutofautiana mno kwa aina, lakini zikilingana kwa mwanga, herufi za moja juu ya nyingine huchezacheza machoni, na jina lililokusudiwa kusomwa na jirani likamshinda hata mvaaji mwenyewe. Kipimo chake ni chepesi: kanga hupigwa picha kwa simu, picha ikageuzwa kuwa ya nyeusi na nyeupe, na hapo ua lolote linalomezwa na uwanja wake huwa limejihukumu. Manjano juu ya nyeupe ndiyo inayoanguka mara nyingi zaidi.

Mfano bora wa kusoma ni kisutu, kanga ya jadi ya nyekundu, nyeusi na nyeupe inayohusishwa na harusi za pwani. Humo nyeusi ndiyo mwanga wa chini kabisa, nyeupe wa juu kabisa, na nyekundu hukaa kati, hivyo kila umbo lina mpaka ulio wazi hata likitazamwa kutoka ng'ambo ya barabara. Tena, nyekundu hiyo moja huonekana kama mbili: iliyozungukwa na nyeupe huwa nyepesi, na iliyobanwa na nyeusi huwa nzito, jambo ambalo Mjerumani Wilhelm von Bezold alilieleza mwaka 1874, na ambalo humpa mchoraji stadi rangi ya nne asiyoilipia. Kabla yake, mkemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul, aliyesimamia utiaji rangi katika karakana ya Gobelins jijini Paris, alikuwa ameletewa malalamiko kwamba nyuzi nyeusi zilikuwa hafifu zikifumwa kando ya buluu na zambarau. Alibaini kwamba rangi ya nyuzi haikuwa na dosari, bali majirani zake ndio waliokuwa wakiidhoofisha, na mwaka 1839 akachapisha kitabu kuhusu kanuni hiyo. Kwa sababu hiyo, anayeihukumu rangi ya kanga kwa kuitazama peke yake, pasipo kuangalia imepakana na nini, hajaihukumu bado.

Wingi wa rangi si sifa. Kanga ya rangi tano zinazogombea ukubwa ni duni kuliko ya rangi mbili ambazo moja imetawala na nyingine imetiwa kwa uchache, mahali inapohitajika.

Baada ya mpangilio hufuata uchapaji, na hapa jicho husogezwa karibu kabisa na mpaka wa rangi mbili. Ukionekana mstari mwembamba mweupe upande mmoja wa ua, na upande wa pili rangi zikawa zimepandana, ni dalili kwamba rangi ya pili haikukaa mahali pake wakati wa kuchapa. Mwisho, kona ya nguo huloweshwa na kusuguliwa kwa kitambaa cheupe, kwa sababu kisutu inayochuja, ikifuliwa mara moja tu nyeupe yake ikageuka waridi, huwa imepoteza ile rangi iliyokuwa ikizibeba nyingine mbili.