Je, Moyo Mwema Watosha?

Wako wasemao: hata chini ya sheria mbaya mtu aweza kuishi vema, mradi aheshimu kila mtu, apende elimu na ukweli. Athol Fugard wa Afrika ya Kusini (1932-2025) alilipima neno hilo katika mchezo wake "Master Harold"... and the boys, ulioonyeshwa mara ya kwanza mwaka 1982.

Mambo yenyewe ni ya mwaka 1950, mjini Port Elizabeth, miaka miwili baada ya chama cha ubaguzi kushika serikali. Hally, kijana Mzungu wa miaka 17, yumo katika mkahawa wa mama yake pamoja na watumishi wawili Weusi, Sam na Willie. Hally humfundisha Sam masomo ya shule, nao hubishana juu ya watu wakuu wa dunia. Tena Sam amemlea kuliko baba yake mlevi. Zamani alimtengenezea tiara ya karatasi, wakairusha pamoja.

Basi, inakuja habari kwamba baba anatoka hospitali. Kijana anaona aibu na uchungu, na hasira yake yote inamwangukia Sam. Anamwamuru amwite Bwana Harold, kisha anamtemea mate usoni. Maneno yake mazuri hayakumzuia, maana sheria ya nchi ilikwisha kumwekea tayari mtu wa kumdharau bila kuadhibiwa.

Siku ile ya tiara, Hally alikaa kwenye benchi akiitazama, na Sam akaondoka. Mtoto alidhani ana kazi. Kumbe benchi lilikuwa la Wazungu tu! Walipendana kweli, lakini upendo wao haukuweza kuwaketisha pamoja.

Wengine humlaumu Fugard kwamba amemtwika Mweusi mzigo wote wa uvumilivu: Sam anatukanwa, na Sam tena ndiye anayefundisha. Lawama hiyo ina haki. Lakini tuangalie: Sam hamsamehi kijana bure. Anamwambia kwamba sasa amejua maana ya benchi lile, naye aweza kuliacha wakati wowote.

Hally anatoka bila kujibu. Willie anatia nauli yake katika mashine ya muziki ili wacheze dansi. Atarudi kwao kwa miguu. Mwenye benchi ameombwa kusimama tu. Asiye na benchi amekwisha kutoa nauli yake.