Kipimo cha Umri katika Kuchagua Vitabu vya Watoto na Vijana

Mtu akitaka kumnunulia mtoto viatu humpima mguu. Akitaka kumnunulia kitabu, aghalabu humwuliza mwenye duka. Mwenye duka hutazama jalada, husoma miaka iliyopigwa chapa pembeni, hutoa kitabu, na biashara imekwisha. Sisemi kuwa miaka ile imeandikwa bure. Nasema kwamba miaka ni kipimo cha mwili kabla ya kuwa kipimo cha akili, na kwamba watoto wawili waliozaliwa juma moja waweza kuwa mbali sana katika kusoma. Nimetunza kabati la vitabu la shule kwa miaka mingi, na makosa niliyoyafanya mbele ya kabati lile ndiyo yanayonipa ujasiri wa kuandika haya.

Kiko kipimo cha pili, ambacho sisi watu wazima twakipenda zaidi, nacho ni mafunzo. Twashika kitabu, twafungua ukurasa wa mwisho, twatafuta onyo. Tukilipata twaridhika kana kwamba tumekwisha kukisoma chote. Twaegemea methali ya samaki akunjwaye angali mbichi, tukasahau kuwa samaki hana habari kwamba anakunjwa, na mtoto anayo. Mtoto hutambua upesi kuliko tudhanivyo kwamba hadithi aliyopewa ni adhabu iliyovikwa kanzu. Kwa rai yangu, kinachobadilika kadiri mtoto akuavyo si wingi wa mafunzo, bali ni kiasi cha hukumu ambacho mwandishi humwachia msomaji aitoe mwenyewe. Kwa mizani hii nataka kupima vitabu vichache tulivyo navyo.

Mtoto wa miaka minne au mitano hasomi, husomewa. Kwa hiyo kitabu chake kipimwe kwa sikio. Hadithi zetu za jioni zilijua jambo hili kabla ya mitambo ya kupiga chapa kufika pwani: msimulizi akisema Paukwa, watoto huitika Pakawa, na tangu hapo hadithi si mali ya msimulizi peke yake. Kitabu kizuri cha umri huu kina sentensi irudiayo, na ikirudi mara ya tatu mtoto huimalizia mwenyewe. Kisipokuwa nayo, picha zake zikipendeza namna gani, kitalala rafuni. Mradi wa Vitabu vya Watoto ulioanzishwa Tanzania mwaka 1991, wakati vitabu vya Kiswahili vya watoto vilipokuwa haba mno, ulifanya kazi ya kushukuriwa. Ushauri wangu kwa mzazi ni mwepesi: asome kurasa mbili kwa sauti pale pale dukani, asione haya. Ulimi ukikwama, akirudishe kitabu mahali pake.

Katika umri wa miaka minane hata kumi, mtoto huanza kudai haki, na hapo ndipo wengi wetu humwogopa. Mfano wangu ni hadithi ya Sultani Darai, iliyokusanywa Unguja na Edward Steere na kupigwa chapa London mwaka 1870. Maskini mmoja aliyekuwa akipekua jaa ili apate chembe za mtama anaokota thumuni, anamnunua paa, na paa yule anamtafutia almasi, mke mwana wa sultani, na nyumba ya joka lenye vichwa saba. Kisha paa anaugua. Bwana wake, ambaye sasa amevaa na kushiba, anaamuru apikiwe uji wa mtama mwekundu, na hataki hata kwenda kumtazama. Paa anakufa, mzoga wake unatupwa kisimani. Usiku ule bwana analala kitandani, na akiamka yuko jaani, vumbi mwilini, mkono ukipekua mtama.

Namjua mzazi mmoja aliyeisoma hadithi hii kwa mwanawe wa miaka tisa, na alipofika kwenye ugonjwa wa paa akaona huruma, akaugeuza mwisho: paa akapona, na wote wakaishi raha mustarehe. Mtoto alinyamaza kidogo, kisha akauliza, “Baba, mbona yule mtu hakuomba radhi?” Mzazi alikuwa amemwondolea mtoto huzuni, na pamoja nayo amemwondolea haki. Hadithi ya asili haimwambii mtoto hata mara moja kwamba utovu wa shukrani ni mbaya. Inamwonyesha bakuli la uji na mtu asiyetaka kupanda ngazi. Mtoto wa miaka tisa huweza kuihukumu ngazi ile bila msaada wetu, na huzuni anayoipata ndiyo hukumu yake ya kwanza. Atakayemfichia paa kifo chake amempa kitabu cha mtoto mdogo zaidi, hata kama maneno ni yale yale.

Juu ya hekaya za Abunuwasi sitakaa sana, ijapokuwa nimesikia walimu wema wakizilaumu kwamba zinafundisha uongo. Abunuwasi anaazima sufuria, anairudisha pamoja na ndogo, anasema imezaa. Jirani anakubali kwa furaha. Safari ya pili Abunuwasi anasema sufuria imekufa. Mtoto wa miaka kumi anacheka, na akicheka amekwisha kung'amua kwamba aliyekubali uongo ulipomfaa hana mdomo wa kuukataa ulipomdhuru. Sheria nzima imo humo. Mwalimu anayeogopa kicheko hicho amwogope kwanza jirani.

Kijana wa miaka kumi na miwili au kumi na mitatu nampa Adili na Nduguze, kitabu cha Shaaban Robert kilichotoka mwaka 1952, lakini sikipi bila kusema kasoro yake. Majina yake yanatangulia matendo. Ndugu wawili wakiitwa Hasidi na Mwivu, msomaji hahitaji kungoja waonyeshe tabia zao. Mwandishi amekwisha kutoa hukumu mlangoni. Kwa msomaji wa umri huu majina hayo ni mkongojo mzuri, kwa kuwa lugha ni pana na safari ni ndefu, na ni vema awe na kitu cha kushika. Kwa kijana wa miaka kumi na saba mkongojo ule ule humchosha. Hata hivyo kitabu kina mahali pamoja panapopita majina yote: Adili analazimika kuwapiga manyani wawili kila usiku, akijua kuwa ni ndugu zake waliogeuzwa, na anawapiga huku moyo wake ukiuma. Hapa mwema ndiye mwenye kiboko, na wabaya ndio wanaolia. Nimewaona wasomaji wa darasa la saba wakibishana juu ya kurasa hizo mpaka mapumziko yakaisha, wengine wakisema angekataa, wengine wakisema amri ni amri. Sikuwasaidia, wala hawakuniomba.

Umri huo huo zamani ulipewa tafsiri za Frederick Johnson, Kisiwa chenye Hazina na Mashimo ya Mfalme Sulemani, za mwaka 1929. Kiswahili chake kina mwendo, na babu zetu waliosoma wanakumbuka mengi humo. Ya kwanza ningali nikiiazimisha. Ya pili inamtazama Mwafrika kwa jicho la mwindaji mgeni, na sikubali aisome kijana peke yake. Aisome na mtu wa kuulizana naye.

Ukifika umri wa miaka kumi na minne, kijana hataki tena kuambiwa nani mbaya, anataka kumtafuta. Kwa hiyo kwangu hakuna kitabu cha Kiswahili kinachofaa umri huu kuliko Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla, kilichotoka mwaka 1960. Watu waaminifu wako tayari kusema kwamba mzimu ndio ulioua. Bwana Msa, na kiko chake mkononi, hasemi mzimu haupo. Anauliza nani aliingia, lini, na kwa nini. Wapo wanaokibeza kwa kuwa asili yake ni mtindo wa wapelelezi wa Kiingereza. Sioni aibu. Jambo la maana ni kwamba kwa kurasa nyingi msomaji hujikuta amemshuku asiyehusika, na mwisho hulazimika kurudi nyuma kutazama ni wapi alipohukumu kwa uso wa mtu badala ya ushahidi. Onyo la ukurasa wa mwisho halimfundishi kijana jambo hili, kwa sababu onyo huja kutoka nje, na kosa hili amelifanya yeye.

Baada ya hapo njia inakuwa ngumu, na sina budi kukiri kwamba ndipo nilipopotea mimi. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi ilipotoka mwaka 1971 ilizuiliwa isisomwe shuleni. Baadaye ikapata njia ya kuingia madarasani. Sababu ya zuio si siri: msichana wa Ukerewe, aliyelelewa kwa ukali, anakwenda shule ya mbali, anaacha mipaka yote, na mwisho anajitoa uhai kwa mkono wake. Waliozuia waliona ile mipaka iliyoachwa. Hawakuona, au hawakutaka kuona, kwamba kitabu kinaanza mapema zaidi, nyumbani kwa Zakaria, ambako barua moja ya mvulana inamletea binti kipigo. Baba yule amemchagulia mwanawe kila kitu: wa kusema naye, wa kutosema naye, pa kwenda, pa kutokwenda. Rosa anapofika mahali ambapo fimbo ya baba haifiki, hana kipimo chake mwenyewe, maana hakuachiwa hata siku moja kupima. Ni riwaya juu ya jambo lile lile tunalolizungumza hapa.

Mwezi wa Februari 2023 Wizara ya Elimu ya Tanzania ilipiga marufuku vitabu 16 mashuleni, miongoni mwake ule mfululizo wa Diary of a Wimpy Kid, kwa hoja ya maadili. Serikali ina wajibu wake kwa watoto, nami sitaki kuugombania. Lakini orodha ya visivyosomwa haijazi rafu. Siku zile wazazi walinijia wakiniuliza ni vipi vilivyokatazwa. Aliyeniuliza asomeshe kipi alikuwa mmoja.

Basi narudi kwenye kabati langu. Msichana mmoja wa kidato cha nne alinijia akitaka Rosa Mistika. Nilikuwa nayo. Nikamwambia, “Mwanangu, hicho bado,” nikampa Siku Njema ya Ken Walibora, ya mwaka 1996, riwaya njema sana, ambayo kijana anatoka Tanga kwenda kumtafuta baba yake Kenya. Aliipokea kwa adabu, akairudisha kwa adabu. Miezi miwili baadaye nikagundua kwamba Rosa ilikuwa ikipita chini ya madawati, nakala iliyochakaa, jalada limetoka, na kurasa za mwisho zimeng'oka. Darasa zima lilikuwa limesoma habari za Rosa mpaka pale alipokuwa akicheza na dunia, na hakuna hata mmoja aliyejua alikoishia. Kwa zuio langu nilikuwa nimewapa ile sehemu ya kitabu niliyoiogopa, na nimewanyima ile inayoipa uzito. Walikiona kitabu cha kuchekesha.

Nilimwita msichana yule, nikafungua kabati, nikampa nakala yangu nzima. Hakwenda kukaa. Alizitafuta kurasa za mwisho, akazisoma pale pale amesimama, mkoba begani, mpaka kengele ikalia na wenzake wakaingia darasani. Nilimngoja. Alipomaliza alikifunga kitabu, akakishika kwa mikono miwili.

“Mwalimu,” akasema, “mimi nilidhani mnatuficha raha.”

Tangu siku ile nakala hiyo hukaa katika rafu ya kidato cha nne, wazi, na kila mwanzo wa muhula mimi huhesabu kurasa zake za mwisho.